Una PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na unataka udaktari? Anza na hospitali

Kwa waliomaliza kidato cha sita: kabla hujalipia fomu ya maombi, uliza chuo kinapeleka wanafunzi hospitali gani wakianza masomo ya wodini. Majengo mazuri hayakufundishi kupima mgonjwa. Chuo cha MUHAS, Dar es Salaam, wana Muhimbili na Mloganzila, chuo cha CUHAS wana Bugando pale Mwanza, Moshi kuna hospitali ya KCMC na chuo chake. Zote ni hospitali kubwa zinazopokea rufaa. Ukimpata mwanafunzi wa mwaka wa nne, muulize asubuhi wakati wa raundi ya madaktari wodini kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wangapi. Jibu hilo hulipati kwenye brosha, na kwangu mimi ndilo la kwanza.

Halafu usichukue BSc (digrii ya sayansi) ya Biolojia ukidhani lazima uipitie ndipo ufike MD, yaani digrii ya udaktari. Kumaliza digrii nyingine kwanza ni utaratibu wa Marekani. Hapa Tanzania unaingia MD moja kwa moja, miaka 5, kisha mwaka 1 wa intanshipu, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Biolojia isome kama kweli unapenda maabara au utafiti. Vigezo vya kila kozi viko kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) mtandaoni. Pakua wa mwaka huu, si ule alioutumia kaka yako.