Somo: Kuchagua programu ya simu ya kujifunza Kichina (hasa kwa wanaofuata mzigo China)

Wakuu, safari yangu ya kwanza Yiwu, mji wa masoko ya jumla huko China, nilikuwa na programu tano za Kichina kwenye simu, na bado nilikosa mzigo wa pochi kwa sababu ya namba moja. Muuzaji alisema shísì, yaani 14. Mimi nikasikia sìshí, 40. Nikashukuru, nikaondoka zangu. Jioni mwenzangu wa Kariakoo akanionyesha pochi zilezile, kazichukua kwa yuan 14 (yuan ndiyo pesa ya China). Kumbe Wachina wengi wa kusini hiyo sh wanaitamka s, kwa hiyo kinachotenganisha bei hizo mbili ni toni tu, yaani sauti kupanda au kushuka: 14 inapanda halafu inashuka, 40 inashuka halafu inapanda. Programu zangu zote tano zilikuwa zimenifundisha kusema tufaha ni jekundu.

Tangu hapo nachagua hivi.

Hatua ya 1: Jua unakitakia nini Kichina
Anayefuata mzigo anahitaji namba, bei, rangi, vipimo na "punguza kidogo". Anayeomba nafasi ya masomo anahitaji HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni. Hawa wawili hawawezi kutumia programu moja kwa raha, na ndiyo maana ushauri wa "pakua hii, ni kali" hauna maana mpaka anayekushauri aseme kali kwa kazi gani.

Hatua ya 2: Anza na kamusi, si masomo
Hapa sina mjadala: Pleco. Kuipakua ni bure, maneno yanakaa ndani ya simu kwa hiyo haili bando, unasikia neno likitamkwa, na ukiona herufi usiyoijua kwenye boksi unaichora kwa kidole inakuletea maana. Kamera ya kusoma maandishi ni ya kulipia. Anza bila hiyo. Maana zake ziko kwa Kiingereza, hilo lijue mapema.

Hatua ya 3: Ipime programu ya masomo kwa toni
Hii ndiyo hatua wengi wanairuka. Fungua masomo ya mwanzo, tafuta sehemu ya kuongea, kisha kosea makusudi. Chukua mǎi (kununua) na mài (kuuza). Ya kwanza inazama chini kisha inainuka kidogo. Ya pili inaanguka ghafla, kama mtu anayefoka "toka!". Programu ikikutaka useme mǎi, wewe sema mài. Ikikupigia makofi na kukupa nyota, ifute. Kuna moja nililipia mwezi mzima, ilinisifia kila nilichosema. Siku moja nilikohoa tu, ikasema vizuri sana.

Kwenye maandishi nako maneno hayo ni ndugu: kununua ni 买, kuuza ni 卖. Hiyo ya kuuza ni ileile ya kununua iliyotwishwa alama ya jumlisha kichwani.

Pima pia kama inaeleza pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi zetu. Usiisome kama Kiswahili. C yake ni ts, q inakaribia ch, x inakaribia sh. Tena b ya pinyin si b yetu. Ni p isiyo na pumzi, na p yao ndiyo inayotoa pumzi. Watu wa Mombasa na Lamu mna bahati, maana mnatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi hiyohiyo. Sisi wa bara tuweke kiganja mbele ya mdomo: kwa p lazima upepo usikike, kwa b usisikike.

Kwa kazi hii mimi naona HelloChinese inafaa kwa anayeanza, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya Kichina peke yake. Duolingo inakusaidia kutoacha kusoma, ila usiitegemee yenyewe tu.

Hatua ya 4: Zima data
Weka simu kwenye hali ya ndege, fungua programu. Isipofunguka, ujue itakuacha ukiwa ndani ya soko lenye mtandao wa kusuasua.

Hatua ya 5: Kabla ya kulipa
Majaribio ya bure ya siku saba mara nyingi hugeuka malipo yenyewe siku zikiisha. Kufuta programu hakusitishi malipo. Ingia Play Store, sehemu ya malipo na usajili, usitishe huko. Na usilipe mwaka mzima kabla hujamaliza mwezi mmoja ukisoma kila siku.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, Kiingereza changu cha kuombea maji tu. Hakuna ya Kiswahili?
Jibu: Zinazoaminika karibu zote zinapitia Kiingereza. Tengeneza kadi zako mwenyewe kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri: upande mmoja Kichina na sauti, upande wa pili Kiswahili. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid na ni bure. Ya iPhone inalipiwa. Kadi kumi kwa siku, za bidhaa unazouza wewe. Kama uko Dar, Dodoma au Nairobi, vyuo vikuu vya huko vina Taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo tangu 2005, ndiyo ya kwanza Afrika. Mwalimu wa kukusahihisha uso kwa uso anazishinda programu zote nilizotaja.

Swali: Mkuu, nilifika Guangzhou programu ya kutafsiri ikagoma kabisa. Simu mbovu?
Jibu: Simu nzima. Huduma za Google zimefungwa China, na WhatsApp pia. Pakua kila kitu ukiwa bado nyumbani, pamoja na WeChat, maana huko ndiko wauzaji walipo. Ujumbe wa Kichina ukiingia, ubonyeze kwa muda uchague kutafsiri. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye roaming mara nyingi hupenya, ila uangalie salio linavyoyeyuka.

Swali: Huko Guangzhou si wanaongea Kikantoni? Tutasoma bure?
Jibu: Wanaongea, lakini kwa mgeni watakuongelesha Putonghua, yaani Kichina sanifu, na ndicho programu hizi zinafundisha. Lafudhi tu ndiyo itakusumbua. Kumbuka ile shísì yangu.

Swali: Mdogo wangu anataka HSK 4. Atumie ipi?
Jibu: Aangalie kwanza orodha ya maneno iliyomo. Kwa mpangilio uliozoeleka wa ngazi 6, HSK 1 ina maneno 150, HSK 3 ina 600 na HSK 4 ina 1,200. Mwaka 2021 ulitoka mpangilio mpya wa ngazi 9 wenye maneno mengi zaidi, na programu nyingine zimechanganya yote mawili. Aulize kituo atakakofanyia mtihani wanafuata upi, ndipo apakue.

Swali: Shikamoo. Nina miaka 58, nauza vyombo. Lazima nijifunze kuandika zile herufi?
Jibu: Marahaba, mama, ingawa mimi ndiye nilipaswa kukuamkia. Kuandika hapana. Jifunze kuzitambua kama thelathini hivi: namba zote, yuan, fungua, funga, choo, kutokea. Namba za mazungumzo wanazionyesha pia kwa vidole vya mkono mmoja mpaka kumi, na si kama tunavyohesabu sisi: kidole gumba na cha mwisho vikinyooshwa ni sita. Jifunze vidole hivyo kwanza. Na bei ukishaisikia, mpe muuzaji kikokotoo aiandike.