Jinsi ya kutumia maoni ya wanadarasa wenzako kuboresha editi ya filamu yako

Kama unasoma filamu na una editi mkononi, usingoje imalizike ndo uwaonyeshe watu. Waonyeshe mapema, wakati bado ukiambiwa toa dakika nzima huoni uchungu, na kabla hujagusa rangi wala muziki, maana muziki mzuri unaficha matatizo ya stori hadi wewe mwenyewe huyaoni tena. Kitu kimoja tu usikiache, sawazisha dayalogi isikike, la sivyo kila mtu atalalamikia saundi na hutapata lingine.

Ukieksipoti weka taimukodi juu ya picha, yaani namba za dakika na sekunde zinazotembea na video. Programu ya kueditia ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, inayo, ingia Workspace afu Data Burn-In. Hii inasaidia sana kwasababu mtu badala ya kusema "pale katikati palipoa" anakuambia "4:10". Na usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, inashusha ubora, itume kama dokumenti au weka linki ya Google Drive. Ila kama mnaweza kukaa chumba kimoja, kaeni, ni bora mara mia.

Mkishakaa usieleze kitu. Usiseme huyu ni kaka yake, usiseme hapa bado nitarekebisha. Kaa pembeni uwaangalie wao sio skrini, na uandike ni taimukodi gani mtu ameshika simu, wapi wamecheka, wapi mmoja kamnong'oneza mwenzie "huyu nani tena?" Mimi haya nayaamini kuliko watakayosema baadaye, coz rafiki atakuambia iko poa sana na ulishamwona anasoma meseji.

Ikiisha usiulize "mmeipenda?" Mwambie mmoja asimulie stori aliyoiona, halafu uliza wapi walichoka, wapi walipotea, na mhusika alikuwa anataka nini. Andika yote. Usijitetee hata kama mtu kaelewa vibaya, maana siku ya kuonyeshwa ukumbini hutakuwepo kumweleza kila mtu.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea. Wenzako wako sahihi sana kukuonyesha tatizo lilipo, lakini dawa wanayokupa mara nyingi sio yenyewe. Tuseme filamu yako ni ya dakika 8, kijana wa bodaboda anapeleka hela hospitali, na watu watatu wanasema 4:10 imepoa, mmoja anataka muziki, mwingine anataka klozapu (shoti ya karibu ya uso), mwingine anasema kata tu. Wote watatu wameona kitu kilekile! Rudi nyuma uangalie 2:30, pengine mama yake alishasema kwenye simu kwamba mgonjwa amepata nafuu, kwa hiyo safari nzima haina wasiwasi tena. Ukitoa ile sentensi moja ya mama, 4:10 inapona bila kuigusa. Kwa hiyo kila ukipata maoni jiulize kwanza huko nyuma mtazamaji alipewa nini mapema sana, au alinyimwa nini.

Cha kuanza nacho? Walter Murch, mhariri wa Marekani, kwenye vigezo vyake sita vya kukata anaipa hisia 51% na stori 23%, mambo ya kuunganisha nafasi na uelekeo yanakuja chini kabisa. Kwahiyo kama mmoja analalamika kikombe kimehama mkono na watano hawakumwonea huruma mhusika, kikombe kisubiri.

Dupliketi taimlaini, yaani ule mpangilio wa shoti zako kwenye programu, kabla ya kurekebisha, ipe namba na tarehe, usifute ya zamani. Badilisha machache halafu uonyeshe tena, safari hii tafuta watu ambao hawajaiona kabisa, ongeza na mmoja au wawili wa mwanzo wa kulinganisha, maana aliyekwishaiona anajua stori na hawezi kupotea tena. Ukiona maoni yamebaki ya ladha tu, huyu anataka shoti iwe ndefu na yule anataka fupi, na wote wanaisimulia stori vilevile, funga picha, yaani usiguse tena mikato, uhamie kwenye saundi.