Kuku wa Kichina wa kufunga kwenye majani ya saladi

Wakantoni wa kusini mwa China hukiita sang choi bao: nyama ya kukatakata, ikaangwe kwa moto mkali, ifungwe ndani ya jani bichi la saladi na kuliwa kwa mkono. Kwa aliye Mtwara au Lindi, korosho na ufuta viko mlangoni. Adui ni maji. Karibu kila kosa huanzia hapo.

Basi anza na saladi. Chagua majani mapana yaliyojikunja kama kikombe, 12 kwa watu wanne. Yaoshe, yaloweke dakika 10 kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa (hayapikwi haya, kwa hiyo si maji ya kisima moja kwa moja), kisha futa jani mojamoja kwa kitambaa safi. Jani lenye maji huteleza na kuizimua sosi.

Kuku ni nusu kilo bila mifupa. Mapaja yanashinda kidari, ambacho hukauka upesi. Kata kwa kisu vipande kama punje za mahindi. Jogoo mzee wa kienyeji mwachie mchuzi, dakika chache za karai hazimlainishi. Changanya na kijiko cha chakula cha soya sosi na kijiko cha chai cha wanga wa mahindi, ule laini wa kutengenezea kastadi, si sembe. Acha dakika 15.

Wachina hutia njugu maji (water chestnut, kiazi kidogo cha majini) ili chakula kiwe na mkwaruzo mdomoni. Badala yake katakata karoti moja na lile bua gumu la kabichi linalotupwaga.

Korosho konzi moja, iliyobanguliwa. Vipande vinatosha na ni rahisi kuliko nzima. Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, epua ikianza tu kugeuka rangi, maana huendelea kuiva hata nje ya jiko. Ufuta kijiko kimoja, ukaange mpaka unukie, utwange kidogo.

Sasa subiri mkaa ukolee wote. Mafuta vijiko viwili, kitunguu swaumu punje tatu na tangawizi kiasi cha kidole gumba, sekunde 20. Tia nusu ya nyama, itandaze, usiiguse kwa dakika moja. Ikiiva itoe, utie nusu ya pili. Ukiimwaga yote pamoja karai hupoa, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Likikukuta hilo, opoa nyama, kausha maji, irudishe.

Rudisha yote, tia karoti na bua, dakika moja. Mimina soya sosi vijiko viwili, siki kijiko kimoja, sukari kijiko cha chai. Koroga hadi ishike nyama. Chumvi? Onja kwanza, soya sosi ina yake.

Epua, ndipo utie majani ya vitunguu, ufuta na korosho. Korosho ikitangulia hunywa sosi na kuwa laini.

Acha ipoe dakika tano, la sivyo jani linanyauka. Nyama bakuli lake, saladi sahani yake, pilipili pembeni. Kila mtu afunge lake anapokula, vijiko viwili kwa jani.