Kuondoa mikwaruzo ya utando wa buibui kwenye rangi ya gari

Lisogeze gari jeusi kwenye jua la saa tano, kisha tazama boneti pale jua linapomulika. Utaona vijimistari vyembamba vimeuzunguka ule mwanga kama utando wa buibui. Wateja huniuliza, "Fundi, nani kanipitishia msasa?" Hakuna. Mistari imeelekea kila upande, ila jicho hushika ile tu inayoukata mwanga, ndiyo maana inaonekana ya duara. Chanzo ni uoshaji: kitambaa kilichoanguka mchangani kikasuuzwa juu juu, ndoo moja kwa magari matatu, au wewe mwenyewe kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kabla hujashika mashine ya kupigia polishi, jua unachofanya. Mkwaruzo wenyewe hauondoki. Inayoondoka ni klia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, iliyouzunguka, mpaka uso wa rangi ushuke usawa wa mkwaruzo. Na klia ya kiwandani ni nyembamba, mara nyingi mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Hairudi. Kwa hiyo pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukikwama, huo umeingia ndani, usiufukuzie.

Hatua ya 1: Osha. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia glovu. Anza paani, sehemu za chini ya milango ziwe za mwisho kwa sababu ndiko mchanga ulipo. Kausha kwa taulo safi la maikrofaiba, bila kusugua.

Hatua ya 2: Klei, yaani udongo laini wa kusafishia rangi ya gari. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi upapase rangi. Ukisikia vipele vipele, ni chembe za chuma, lami au utomvu wa miti. Pitisha klei taratibu juu ya maji yenye shampuu hadi pawe laini. Klei ikidondoka chini, itupe, hata kama ni mpya.

Hatua ya 3: Bandika tepu ya karatasi kwenye mipira, plastiki nyeusi na kingo zote kali za bodi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Nilipokuwa najifunza, nilitumia mashine ile inayozunguka moja kwa moja, nikaipitisha kwenye ukingo wa mlango sekunde chache tu. Praima, rangi ya chini kabisa, ikachungulia. Mlango mzima ulipigwa rangi upya kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo anayeanza namwambia atumie mashine inayozunguka huku ikiyumba. Ni ya polepole, lakini inakusamehe.

Hatua ya 4: Jaribu kipande kimoja, sentimita 50 kwa 50, kivulini, bati likiwa limepoa. Anza na pedi (sponji ya mashine) laini na polishi laini. Isipotosha ndipo upande hadi kompaundi, polishi yenye makali zaidi. Wengi hufanya kinyume. Nyeusi ya Toyota yenye namba ya rangi 202, kwa mfano, ni rangi laini mno; kompaundi kali huiachia ukungu utakaokupa kazi ya pili. Na pedi ikianza kuchukua rangi ya gari, ujue hapo hakuna klia, unakula rangi yenyewe. Punguza mkono.

Hatua ya 5: Piga. Weka matone manne ya ukubwa wa njegere kwenye pedi, tandaza kwa spidi ndogo, kisha panda hadi namba 4 au 5 ya spidi ya mashine. Nenda wima, halafu mlalo, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, mara nne hadi sita. Usiharakishe mkono: sentimita mbili tatu kwa sekunde. Chora alama ya kalamu pembeni ya sahani ya mashine. Ukiona alama imesimama, unakandamiza kupita kiasi, pedi inatetemeka tu haikati kitu. Pigia pedi brashi kila umalizapo kipande. Gusa bati: vuguvugu ni sawa, likikuunguza kiganja, pumzika.

Hatua ya 6: Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha mulika kwa tochi ya simu. Usiruke hapa. Mafuta ya polishi huziba mikwaruzo, gari likang'aa kwa uongo. Ndivyo yanavyofanya yale magari yanayopakwa silikoni siku ya kuuzwa. Yakioshwa mara mbili, buibui karudi.

Hatua ya 7: Paka nta au silanti (kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani), tabaka jembamba, uifute.

Halafu nunua glovu yako ya kuoshea, ikae kwenye buti ndani ya mfuko safi. Ukifika kwa vijana wa kuosha, wape hiyo, usimame hapo hapo hadi wamalize.