Kabla hujapiga toleo la majaribio la Windows au Linux: mwongozo wa fundi wa Ngamiani, Tanga

Kila zinapoanza habari za Windows mpya au Ubuntu mpya (Ubuntu ni aina ya Linux), hapa Ngamiani lazima aje mtu na laptopu mkononi: "Fundi, nipigie hiyo mpya kabla haijatoka rasmi." Simkatalii, lakini pia sichomeki fleshi papo hapo. Namuuliza maswali kwanza, na majibu yake ndiyo yanayoamua. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ninaoufuata, ili hata kama uko Pangani au Muheza uweze kuamua mwenyewe bila kupanda gari kuja mjini.

Tuelewane kwanza. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanaosema wanataka "mpya" hawahitaji toleo la majaribio hata kidogo. Wanahitaji mfumo endeshi uliokamilika ambao bado unapata masasisho ya usalama. Kama shida yako ni hiyo, weka Windows 11 ya kawaida ikiwa mashine inakidhi masharti yake: TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8. Ikiwa haikidhi, weka Linux iliyo imara. Ukifanya hivyo, mwongozo huu haukuhusu tena.

Hatua ya 1: Angalia mashine imebeba kazi ya nani

Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na watu hulipita haraka. Wanauliza kama laptopu ina nguvu ya kutosha. Mimi nauliza: ikizima leo mchana na isiwake mpaka keshokutwa, nani atalala njaa au atapitwa na tarehe ya mwisho?

Chukua steshenari yoyote ya karibu na soko la Mgandini. Mmoja anaingia na CV kwenye fleshi, mwingine anataka kutoa namba ya malipo, na msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB ukifika foleni inatoka hadi barazani. Kazi yote hiyo inapita kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na printa moja, na mara nyingi printa hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta yenyewe. Draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, iliandikwa kwa Windows ya miaka ya nyuma. Ukiweka toleo la majaribio, unaweza kukuta jina la printa lipo kwenye orodha, limewekewa alama ya tiki kama kawaida, lakini kila ukurasa unaoutuma unakaa kwenye foleni na pembeni pameandikwa Error. Unaizima printa, unaiwasha, unafuta foleni, unatuma tena, hali ni ile ile. Mteja naye amesimama, anaangalia saa. Mashine kama hiyo haiwekewi toleo la majaribio, hata kama mwenye duka anataka.

Msimamo huohuo naushikilia kwa laptopu ya mwalimu yenye alama za wanafunzi, ya zahanati yenye taarifa za wagonjwa, na ya mwanachuo anayemalizia ripoti ya utafiti. Kwa hizi mbili za mwanzo kuna jambo la ziada: ukijiunga na Insider, mpango wa majaribio wa Microsoft, unatakiwa kuruhusu mashine itume taarifa zake za uchunguzi kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida. Ukiwa na taarifa za watu wengine, ruhusa hiyo si yako peke yako kuitoa.

Inayofaa ni mashine ya pili. Laptopu ya mtumba iliyokaa kabatini, au ile ya kujifunzia ambayo hata ikifutwa yote hakuna atakayelia. Kama huna mashine ya pili, usikate tamaa, chukua ufunguo wa BitLocker kama hatua ya 3 inavyoeleza, kisha nenda hatua ya 4.

Hatua ya 2: Jua toleo lenyewe limefika wapi

Matoleo ya majaribio hayalingani. Kwa upande wa Windows, mpango wa Insider ulianza mwaka 2014, na mwaka 2023 ulipangwa katika ngazi nne: Canary, Dev, Beta na Release Preview. Canary ni kazi mbichi kabisa. Vitu vinavyoonekana humo vinaweza visifike kamwe kwa watumiaji wa kawaida, na kutoka humo ni kufuta na kupiga Windows upya. Release Preview ni karibu sawa na kitakachotoka. Kwa anayeanza, napendekeza hiyo tu.

Ubuntu ni rahisi zaidi kufuatilia. Hutoka Aprili na Oktoba kila mwaka, na namba yake ni mwaka na mwezi: 24.04 ni Aprili 2024. Beta hutangulia kwa wiki chache, na uzuri wake ni kwamba ukiendelea kuisasisha, siku ya kutolewa inakuwa toleo kamili bila kupiga upya. Debian, Linux nyingine, ina "testing" na "unstable", na hizo huendelea kusonga mbele daima.

Sasa nikueleze kilichotokea Machi 2024, maana kinafafanua jambo hili kuliko maelezo yangu. Mhandisi anayeitwa Andres Freund alikuwa akifanya majaribio ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye Debian unstable. Akaona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunakula prosesa kuliko kawaida. Hakulipuuza. Akafukua mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Tarehe 29 Machi akalitangaza. Ubuntu wakaahirisha beta ya 24.04 kwa wiki moja, kutoka tarehe 4 Aprili hadi 11, ili wajenge upya vifurushi vyote vilivyokuwa vimejengwa tangu xz hiyo mbovu ilipotengenezwa.

Mambo mawili yapo hapo na yote ni ya kweli. Mlango ule uliwafikia kwanza waliokuwa kwenye matoleo ya majaribio, wakati waliobaki kwenye Debian imara na Ubuntu za kawaida hawakuguswa. Na aliyeufichua kabla haujawafikia mamilioni alikuwa mtu anayetumia toleo la majaribio kwa macho yaliyo wazi. Ndiyo maana siwakatazi watu kujaribu. Nawataka wajaribu wakijua wanafanya nini.

Hatua ya 3: Hamisha vitu vyako, na uchukue ufunguo wa BitLocker

Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Nakala iliyo kwenye diski D ya laptopu ileile haihesabiki. Ukishanakili, fungua mafaili machache kutoka kwenye ile nakala na uone yanafunguka.

Oktoba 2018, Windows 10 toleo la 1809, ambalo lilikuwa limeshapita kwenye majaribio, lilitolewa likawafutia baadhi ya watu nyaraka na picha zao. Microsoft walilisimamisha siku chache baadaye, na likarudi Novemba.

Laptopu nyingi za sasa zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, bila mwenyewe kujua. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia laptopu) ili uwashe kwa fleshi, inaweza kukuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, vilivyomo havitoki, hata ukija kwangu. Kwa hiyo kabla ya chochote fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Tarakimu zikitokea, ziandike kwenye karatasi. Kuzipiga picha na kuihifadhi picha kwenye laptopu hiyohiyo hakusaidii kitu.

Hatua ya 4: Jaribu bila kugusa diski

Watu wengi wangeishia hapa na wangepata walichokuwa wakikitafuta.

Kwa Linux, pakua faili la ISO (faili moja lenye mfumo mzima), liandike kwenye fleshi ya GB 16 kwa programu ya Rufus au Ventoy, kisha uwashe laptopu kwa fleshi na uchague kujaribu bila kusakinisha. Kabla ya kuandika, hakikisha ISO imeshuka yote. Kwenye Windows:

certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako. Utapewa mstari wa herufi na namba 64. Ulinganishe na ule uliotolewa kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, wote, si mwanzo na mwisho tu. Kwa intaneti inayokatika katikati ya upakuaji, hatua hii imeniokolea saa nyingi za kutafuta kosa ambalo halikuwepo kwenye mfumo, lilikuwa kwenye faili lililoshuka nusu.

Kwa Windows, weka programu ya VirtualBox uwashe toleo la majaribio ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Utahitaji RAM ya GB 8 kwenye mashine halisi, na 16 ndiyo raha. Mashine pepe itakuonyesha sura ya mfumo na programu zako, lakini haitakuambia kitu kuhusu waifai, kamera wala skrini yako halisi.

Ukishawasha kwa fleshi, usishangae mandhari. Fanya kazi zako za kila siku:

- Unganisha waifai, kisha modemu yako ya USB kama unayo.
- Chapa ukurasa mmoja kwa printa utakayoitumia, na uskani mmoja.
- Funga mfuniko laptopu ilale, subiri dakika tano, ufungue. Laptopu za mtumba huumbuka hapa kuliko popote: skrini inabaki nyeusi, au waifai hairudi.
- Jaribu sauti, kamera, na vitufe vya kuongeza mwanga.
- Fungua faili la Word ulilotengeneza wewe lenye jedwali na picha, uone kama limebaki lilivyokuwa.

Kimoja kikigoma na ni kitu unachokitegemea, umeshapata jibu. Acha, subiri toleo kamili.

Hatua ya 5: Hesabu bando na umeme

ISO moja inaweza kufika GB 5 au zaidi. Lakini linaloumiza mfuko ni linalofuata: ngazi za majaribio hushusha masasisho makubwa mara kwa mara, na Windows hushusha bila kukuuliza. Ukitumia bando la simu, ingia Settings, sehemu ya mtandao uliounganishwa nao, uwashe Metered connection (mtandao wa data ya kupimiwa). Kumbuka basi kwamba masasisho mengine yatachelewa, na toleo la majaribio lisilosasishwa halina maana kulitunza, tena mengine yana tarehe ya kuisha muda. Asiyemudu data hiyo kila mwezi abaki kwenye fleshi.

Umeme: betri ijae, chaja ichomekwe, na LUKU iwe na yuniti za kutosha. Laptopu yenye betri iliyokufa usiisakinishie bila UPS.

Hatua ya 6: Ijue njia ya kurudi kabla hujaingia

Windows hukupa siku 10 za kurudi toleo lililopita. Unaweza kuziongeza hadi 60 kwa amri hii, ukiwa msimamizi, mara tu baada ya kusakinisha:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. Kurudi ni kwenda kwenye toleo *lililotangulia*. Kama umeshapokea matoleo mawili ya majaribio, utakaporudi utaangukia lile la kwanza, wala si Windows yako ya zamani. Kwa hiyo andaa fleshi ya pili yenye Windows au Linux kamili na uiwashe mara moja kuthibitisha inafanya kazi. Fleshi hiyo isipokuwepo mezani, mimi sianzi.

Usijidanganye pia kwamba rasmi maana yake ni salama kwa kila mashine. Ubuntu 17.10 ilitoka Oktoba 2017, na Desemba upakuaji wake ukasimamishwa kwa sababu ilikuwa inaharibu BIOS za baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Hata toleo kamili mimi huliacha wiki kadhaa kabla sijaligusa kwenye mashine ya mteja.

Hatua ya 7: Ukiingia, ripoti

Kujaribu bila kuripoti ni kubeba hatari bure. Lile kosa la 1809 la kufuta mafaili, wapo waliokuwa wameliripoti kabla halijatoka. Ripoti zao zilikuwa chache zikazama kati ya nyingine, na baadaye Microsoft waliongeza kwenye Feedback Hub, programu ya Windows ya kuripoti matatizo, sehemu ya kueleza uzito wa tatizo. Itumie. Kama kitu kinafuta data, sema kinafuta data kwenye mstari wa kwanza.

Sisi tuna mashine ambazo wanaotengeneza mifumo hii hawana mezani: printa za zamani, modemu za bando, laptopu zilizopita mikono mitatu. Tusipoandika, hakuna atakayejua kwamba zinagoma. Windows tumia Feedback Hub. Ubuntu fungua teminali uandike ubuntu-bug na jina la kifurushi. Andika Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Taja modeli ya laptopu na ya printa, namba ya toleo (Windows huionyesha ukiandika winver), ulichobonyeza kwa mpangilio, ulichotegemea na kilichotokea. "Printa haifanyi kazi" haimsaidii mtu. "Nimetuma ukurasa mmoja kwa USB, umekaa kwenye foleni, nimewasha upya, hali haikubadilika, toleo lililopita lilikuwa linachapa" inamsaidia.

Ihifadhi namba ya ripoti yako. Toleo linalofuata likishuka, rudia kosa lilelile kwanza kabla ya kuangalia mapya, halafu urudi pale pale uandike kama limetoka au bado lipo.