Kuchagua densi ya kontra inayokukutanisha na wengine, si mwenzi wako tu

Kontra, densi ya mistari miwili iliyokita mizizi New England, Marekani, huwahamisha wachezaji: kila duru ikiisha, jozi yako, yaani wewe na mwenzi wako, inakutana na jozi nyingine, ambao ndio majirani zako. Lakini kukutana si kucheza pamoja. Wewe mwita hatua, unayewatangazia wachezaji la kufanya, pima kadi zako zilizoandikwa densi kabla ya kwenda ukumbini.

1. Hesabu mapigo. Duru moja ina mapigo 64, yaani robo nne za 16, ziitwazo A1, A2, B1 na B2. Kando ya kila hatua andika inachezwa na nani. Mfano:

A1: yumbianeni na kuzungushana na jirani, 16.
A2: duara kushoto robo tatu, 8, zungushaneni na mwenzi, 8.
B1: mistari mirefu mbele na nyuma, 8, wachezaji wa upande wa kulia wa kila jozi wavuke na kupokewa na jirani, 8.
B2: nyota ya mkono wa kushoto (wanne mnaunganisha mikono katikati na kuzunguka), 8, dosido (kuzungukana mgongo kwa mgongo) na jirani mpya wa jozi inayofuata, 8.

Mwenzi kapata 8 tu. Jirani wawili wamepata 32, ukijumlisha kule kupokewa. Kadi ya namna hii ndiyo unayoitafuta.

2. Tazama nani amesimama bure. Densi nyingi za zamani huwapa kazi jozi za kwanza, na jozi za pili hungoja. Ziweke kando. Jirani aliyesimama tu hujachangamana naye.

3. Kagua ncha za mstari. Hapa ndipo kadi nzuri huharibika. Hatua ya mshazari inakupeleka kwa mtu wa kundi la pembeni la watu wanne, na kwenye ncha mtu huyo hayupo. Waambie mapema: asiyemwona mtu abaki mahali pake. Wasipoambiwa watamfuata mtu asiye wao, na mstari mzima utavurugika.

4. Pitisha hatua bila muziki, mara mbili. Katika mfano wetu kosa huwa kwenye nyota: wageni hupitiliza mahali walipoanzia, jirani mpya akabaki akingoja. Sema "mzunguko mmoja, kisha geukia mbali na jirani wa sasa", na uwaambie wamtazame jirani mpya usoni kabla hawajaachia nyota.

5. Ipange vizuri. Usiufungue nayo usiku wenye wageni wengi. Anza na densi ya jirani mmoja. Na kwa kuwa mwenzi alipata kidogo, ifuatishe na kadi yenye mapigo 16 kamili ya kuzungushana na mwenzi. Waliokuja wawili wawili nao wana haki yao.