Nafuma Boshori Kisauni, Baridi Iko Kinangop

Jirani zangu hapa Kisauni, Mombasa, hunicheka. Kaskazi imepamba moto, jasho latuchuruzika barazani, nami nimepakata donge la sufu! Lakini binti yangu husomesha Kinangop, kule Nyandarua, na Julai ya huko si kipupwe chetu cha kujitanda leso. Watoto huingia darasani masikio yamekufa ganzi. Basi nafuma boshori, zile kofia za baridi za kufunika masikio, sasa ili mzigo ufike kabla ya muhula wa pili kufunguliwa. Ukitaka kunisaidia, fanya hivi.

Uliza kwanza rangi ya sare. Mwaka wa kwanza nilifuma nyekundu, manjano, hata zambarau, zikavuliwa langoni. Siku hizi ni buluu iliyokoza tu, inachosha macho lakini inavaliwa.

Uzi chukua wa akriliki, yaani sufu ya kutengenezwa kiwandani. Sufu halisi ina joto zaidi, nakubali, ila ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa hunywea ikamfaa mwanasesere. Pamba isahau, ikilowa haikauki upesi. Gramu 70 zatosha boshori moja.

Sindano ni namba 8, yaani milimita 4. Fuma kwanza kipande cha kujaribia: vitanzi 22 vikupe sentimita 10. Mimi nilikipuuza, na mkono wangu unakaza mno, basi thelathini za mwanzo zikaishia kwa watoto wa nasari. Kipande kikitoka chembamba, hamia sindano namba 7, ambayo ni nene zaidi.

Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, anza na vitanzi 102. Fuma viwili wazi (uzi ukae nyuma ya sindano), viwili kinyume (uzi ukae mbele), urudie hivyo safu nzima, umalizie viwili wazi. Ukigeuza, kilicho wazi mbele yako kifume wazi, cha kinyume kifume kinyume. Endelea mpaka sentimita 20. Wengine huweka mistari hii ukingoni tu; mimi naipandisha mpaka juu kwa kuwa inavutika, na wasichana wana misuko. Tena sentimita 5 za chini hukunjwa, masikio yakapata tabaka mbili.

Sasa utosi. Fuma kitanzi 1, kisha vitanzi 8 na uunganishe 2 pamoja. Hiyo rudia mara 10, umalizie kitanzi 1. Safu ya kurudi ni kinyume yote. Ukija tena fuma 7 uunganishe 2, safari nyingine 6, ushuke hivyo hivyo mpaka vibaki vitanzi 12. Kata uzi ubakie urefu wa mkono, upitishe ndani ya vyote 12, vuta, funga fundo mara mbili, kisha shona mgongo kwa uzi huo huo. Kishada juu usiweke. Watoto watavutana nacho.

Mikono ikitoa jasho uzi hugoma kuteleza kwenye sindano. Paka poda kidogo, au ngoja baada ya Isha upepo wa bahari uingie.

Zifue, zianike kivulini, zifunge kumi kumi. Na kabla ya kushona mdomo wa gunia, hesabu sindano zako. Mwaka juzi yangu moja ilisafiri mpaka Kinangop imechomekwa ndani ya boshori. Binti yangu ndiye aliyeiona, alhamdulillahi, si kichwa cha mtoto.